Shajara ya ukoo haifunguki kwenye simu ya mama: picha kubwa, kioo kidogo

Waalaykum salaam ndugu yangu wa Wete. Swali lako lina maswali matatu ndani yake, kwa hiyo kwa faida ya wenzetu wengine ntalieleza kwa ufupi kwanza. Una shajara ya ukoo wenu, karatasi moja kubwa ya mita moja kwa sentimita 70, mzee wenu kaiandika kwa mkono kwa herufi za Kiarabu, mkaipeleka ikapigwa skani kwa dpi 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi, ikatoka picha ya PNG ya pikseli 11,811 kwa 8,268. Unataka apu ya Android ambayo mtu wa ukoo akiifungua aiburute shajara kwa kidole, aikuze, amtafute babu yake. Ukiiweka picha nzima apu inakufa kwenye kila simu, na inatoa ujumbe kwamba Canvas, yaani kile chombo cha Android cha kuchorea, imekataa kuchora picha kubwa mno. Ukaipunguza nusu, kwako ikafunguka lakini majina yanasomeka kwa tabu, na kwenye simu ya mama yako yenye RAM ya GB 2 inajifunga kimya kimya bila ya kusema neno. Halafu ukamalizia kwa kuuliza, faili lenyewe lina megabaiti 18 tu, sasa tatizo nini?

Fundo liko kwenye hizo megabaiti 18. Hizo ni za faili likiwa limelala kwenye simu, limebanwa. Kioo hakijui kuchora kitu kilichobanwa, kwa hiyo simu kabla ya kukuonesha chochote inalifumua lote, na ikishalifumua kila pikseli inachukua baiti 4: moja nyekundu, moja kijani, moja buluu na moja ya uwazi. Haijalishi pikseli hiyo ina wino au ni karatasi tupu. Zidisha mwenyewe, 11,811 mara 8,268 ni pikseli milioni 97 na zaidi, mara 4, unapata kiasi cha megabaiti 390 kwa picha moja tu, na hapo apu yako haijachora hata kitufe kimoja.

Sasa tizama namna dalili zako zinavyojieleza zenyewe. Canvas ya Android ina kikomo, kwenye matoleo mengi ni megabaiti 100 kwa bitmapu moja, yaani picha ikishafumuliwa, ukizidisha inakutupia kosa papo hapo, kwa hiyo 390 isingepita simu yoyote hata ungekuwa na simu ya milioni mbili. Ulipoipunguza nusu kila upande ikawa 5,906 kwa 4,134, yaani robo ya pikseli, megabaiti 97 na ushei. Ukapenya chini ya kikomo kwa tundu la sindano! Ndo maana kwako ikafunguka. Lakini simu ya mama haina megabaiti 97 za kuchezea, ina WhatsApp, ina kibodi, ina mfumo wenyewe, vyote vinagombania hizo GB 2, na tangu Android 8.0 pikseli za bitmapu hazihesabiwi tena kwenye ile memori ya Java yenye kikomo chake, zinakaa nje yake. Zamani ungepata kosa la OutOfMemory likakwambia wazi, siku hizi apu inakula inakula mpaka mfumo unaona bora uiue, na mfumo ukiua hauandiki barua. Kwa sababu hiyo hiyo ule ushauri utakaoupata kila mahali wa kuweka largeHeap, yaani kuomba memori kubwa zaidi ya Java, kwenye manifest, lile faili la maelezo ya apu, haukusaidii hapa, unapanua chumba ambacho mzigo wako haumo.

Jambo moja umelifanya sawa bila ya kujua pengine, umeiweka picha kwenye assets, folda la faili ambazo Android inaziacha kama zilivyo. Wengi wanaitupa kwenye folda la drawable, na hapo kuna mtego mbaya: Android inalichukulia folda hilo kuwa la vioo vya kizamani vya dpi 160, kwa hiyo kwenye simu ya dpi 480 inaikuza picha mara tatu kwa upana na mara tatu kwa urefu, memori inakuwa mara tisa. Picha ya pikseli 3,000 kwa 2,000 ambayo ilikuwa ile megabaiti 24 inakula 216, na mtu anakaa wiki nzima anajiuliza picha ndogo vile imekuwaje. Ukilazimika kuiweka kwenye drawable basi tumia drawable-nodpi.

Haya, sasa dawa. Kioo cha simu ya mama yako kwa ulivyonambia ni 720 kwa 1,600. Hiyo ni pikseli milioni 1.15, mara 4 ni megabaiti 4.6. Basi! Hata ungekuwa na picha ya Afrika nzima, macho ya mama hayataona zaidi ya megabaiti 4.6 kwa wakati mmoja kwa sababu kioo chenyewe hakina pa kuweka zaidi. Kwa hiyo kazi yako si kuifungua picha, kazi yako ni kufungua kile tu kinachoonekana sasa hivi, kwa ukubwa unaoonekana sasa hivi, na kukiachia mara kikitoka. Ukienda Darajani kununua kitambaa muuzaji hakufungulii jora zima sakafuni, anakukunjulia dhiraa mbili uone nakshi, ukitaka jengine hili analikunja. Mengine yote ntakayokwambia humu ni ufundi wa kukunja na kukunjua haraka bila ya mteja kuona.

Ufundi wenyewe ni wa vigae na ngazi. Ngazi maana yake unakuwa na picha ile ile katika ukubwa tofauti: nzima, nusu, robo, moja ya nane, moja ya kumi na sita. Yako itakwenda 11,811, halafu 5,906, halafu 2,953, 1,476, mpaka 738 kwa upana. Usiogope kwamba faili litakuwa mara tano, kila ngazi ina robo tu ya pikseli za ile ya juu yake, kwa hiyo zote pamoja ni kama thuluthi moja ya ziada juu ya ile kubwa. Vigae ni kwamba kila ngazi unaikata miraba, 256 kwa 256 au 512 kwa 512. Ngazi yako ya juu kabisa kwa vigae vya 256 inatoa 47 kwa 33, yaani vigae 1,551, kila kimoja robo ya megabaiti kikifumuliwa. Kwenye kioo cha 720 kwa 1,600, picha ikiwa kwa ukubwa wake kamili, hata vigae vikikaa vibaya kabisa nusu ndani nusu nje, vinavyoonekana havizidi 4 kwa 8, vigae 32, megabaiti 8. Ukiongeza duru moja pembeni ili akiburuta kidogo akute kigae kiko tayari, vinakuwa 60, megabaiti 15. Kutoka 390 mpaka 15, na majina yanasomeka kwa ukubwa wake kamili.

Watu wanabishana 256 au 512. Mie kwa simu dhaifu napenda 256 kwa sababu unapoteza kidogo pembeni, kwa 512 vinaonekana mpaka 15 vya megabaiti moja moja halafu ukiongeza duru ya pembeni hesabu inapaa. Ila 512 vina faili chache zaidi, 408 badala ya 1,551 kwa ngazi ile ya juu, na kufungua faili nako kuna gharama yake. Si jambo la kugombania.

Ngazi gani uitumie wakati gani? Kama mtu yuko kwenye ukuzaji wa 0.3, yaani pikseli moja ya picha inachorwa kama sehemu tatu ya kumi ya pikseli ya kioo, gawa 1 kwa 0.3 unapata 3.33, chukua namba kubwa kabisa ya moja-mbili-nne-nane isozidi hapo, ambayo ni 2, kwa hiyo tumia ngazi ya nusu. Kanuni yake ni kwamba skuzote unachora kwa kupunguza, usichore kwa kunyoosha, kunyoosha ndo kunakoleta ukungu kwenye herufi. Na hizi nukta za Kiarabu, ba na ta na tha, ukungu kidogo tu Thabit anageuka kitu chengine, kwenye shajara hilo si dogo.

Ile ngazi ya chini kabisa, ya 738 kwa 517, ina megabaiti moja na nusu tu. Ifungue mwanzo kabisa apu inapoanza na usiiachie mpaka apu ifungwe. Kila fremu ichore hiyo kwanza, imenyooshwa, halafu juu yake ndo upange vigae vilivyo tayari. Hapa ndo tofauti ya apu iloshiba na apu yenye njaa: mtu akiburuta haraka anaona ukungu kwa muda mfupi kisha maandishi yanatulia, badala ya kuona mashimo meupe yanayoruka ruka. Ukungu mtu anausamehe, mashimo anadhani simu imeharibika.

Sasa vigae unavipata wapi, kuna njia mbili. Ya kwanza Android yenyewe inayo, BitmapRegionDecoder, iko tangu Android 2.3.3 kwa hiyo hakuna simu utakayoikuta haina. Unaipa faili moja, unaiambia nipe mstatili huu, na kwa inSampleSize ya 2 au 4 au 8 inakupa ukiwa umeshapunguzwa. Rahisi, ngazi zote zinatoka kwenye faili moja. Lakini faili lako ni PNG, na hapo ntakuvunja moyo kidogo. PNG imebanwa kama uzi mmoja mrefu kutoka juu mpaka chini, huwezi kurukia katikati, kwa hiyo ukitaka kigae cha chini kabisa ya shajara, walipo wajukuu, simu inafumua kila mstari kuanzia kwa babu mkubwa mpaka ifike, halafu inatupa, halafu kigae kinachofuata inaanza tena upya. Utaona juu ya picha apu ni nyepesi na kadiri unavyoteremka inazidi kuwa nzito, na utalaumu kuskroli kumbe ni faili. Jengine ni kwamba dikoda moja, yaani hicho chombo kinachofumua, inafanya kazi moja kwa wakati mmoja, ukiipigia kutoka thredi nne, yaani njia nne za kazi zinazokwenda pamoja, zitapanga foleni, ukitaka zifanye pamoja lazima ufungue dikoda kadhaa juu ya faili hilo hilo. Ukibaki kwenye njia hii geuza PNG iwe JPEG ya kawaida, ile ya baseline, si ya progressive inayojitokeza kwa awamu, na usiibane sana.

Njia ya pili ni kukata vigae kabisa kwenye kompyuta kabla, ukavitia ndani ya apu. Kuna programu ya bure inaitwa libvips, amri yake ya dzsave inakata ngazi zote na vigae vyote kwa mpigo mmoja na haili memori nyingi hata kompyuta yako ikiwa ya kawaida. Kwako wewe mie ningeifuata hii. Shajara haibadiliki kila siku, mzee hazaliwi mara mbili, kwa hiyo hakuna haja ya kuisumbua simu ya mama ikate kitu ambacho kompyuta yako ingekata mara moja ikamaliza. Kigae kimoja ni faili moja dogo, kinafumuliwa haraka popote kilipo, juu au chini ni sawasawa. Vihifadhi kwa WebP isiyopoteza kitu, kwa maandishi ya wino inabana vizuri na haileti vile vivuli vya vumbi ambavyo JPEG inavitia pembeni ya herufi, na vigae vya karatasi tupu vitakuwa karibu si chochote. Hilo lina maana kwa watu wetu maana apu hii najua haitashushwa Play Store na kila mtu, itatumwa kwa WhatsApp na Bluetooth harusini.

Kama hutaki kuandika yote haya kwa mkono, na sikulaumu, kuna laibrari inaitwa Subsampling Scale Image View, ya bure, inafanya vigae na ngazi na vidole kwa pamoja kwa kutumia ile BitmapRegionDecoder. Kwa wanaoandika kwa Compose, zana za Android za kutengenezea kurasa za apu, kuna Telephoto. Zipe JPEG nzima kwenye assets utaona inakwenda siku hiyo hiyo. Ila usichanganye na Glide au Coil peke yake, hizo ni laibrari nzuri kwa picha za kwenye orodha, kwa kawaida zinaipunguza picha iendane na ukubwa wa nafasi yake kwenye kioo, kwa hiyo memori itapona lakini ukikuza unakuza ukungu. InteractiveViewer ya Flutter, kwa wanaojengea apu huko, nayo mtego ni ule ule, inakupa kuburuta na kukuza vizuri kabisa lakini haikukatii vigae, picha nzima imo kwenye memori.

Ukiandika mwenyewe, mambo ya kuangalia ni haya. Kufumua kusifanyike kwenye thredi kuu hata kigae kimoja, kioo cha kawaida kinachora fremu 60 kwa sekunde, una milisekunde 16 na kidogo kwa kila fremu, kigae kimoja kikichelewa mtu anahisi mkono umekwama. Vigae vinavyosubiri kufumuliwa vipange kwa ukaribu na katikati ya kioo, huko ndo jicho liliko. Na kila akiburuta, foleni ipitie upya utupe vigae ambavyo vimeshatoka nje kabla havijafumuliwa, wengi hawafanyi hili, matokeo yake mtu kavuka shajara nzima kwa kidole kimoja na simu bado inafumua kule alikotoka. Mie nazuia kabisa, akirusha kwa kasi siombi kigae chochote cha ngazi ya juu, naacha ule ukungu wa chini upite, kasi ikipungua ndo naanza. Vilivyokwisha kufumuliwa viweke kwenye LruCache, ghala linalotupa kwanza kisichotumika kwa muda mrefu, iloekewa kikomo kwa baiti, si kwa idadi, na onTrimMemory ikikuita kwamba apu imekwenda nyuma futa vyote ubakishe ile ngazi ya chini tu. Karatasi yako ikiwa nyeupe na wino mweusi jaribu pia RGB_565, inatumia baiti 2 badala ya 4, nusu ya memori bure. Kama karatasi imekuwa ya manjano kwa uzee utaona mistari mistari ya rangi, hapo urudi kwenye 4.

Tukija kwenye vidole. Ulisema ukikuza picha "inakimbilia pembeni", hiyo ni kwa sababu unakuza kutoka kona ya juu kushoto. Inabidi ile nukta ilokuwa baina ya vidole viwili ibaki baina ya vidole hivyo. Hesabu yake ni fupi, kama x ni mahali picha inapoanzia kwenye kioo, f ni mahali palipo katikati ya vidole, na k ni mara ngapi ukuzaji umeongezeka, basi:

x mpya = f − (f − x) × k

Na y vivyo hivyo. ScaleGestureDetector inakupa f na k, wewe fanya hiyo tu. Baada ya hapo, si kabla, ndo uibane picha isitoke nje ya kioo, na ikiwa picha ni nyembamba kuliko kioo iweke katikati, usiiache ielee. Kuna moja inachosha watu sana: mtu anakuza kwa vidole viwili halafu anainua kimoja, picha inaruka. Inaruka kwa sababu programu ilikuwa inafuata kidole cha kwanza na ndo hicho kilichoinuliwa. Ukipata ACTION_POINTER_UP, taarifa kwamba kidole kimoja kimeinuliwa, chukua upya mahali pa kidole kilichobaki uanzie hapo. Na wakati picha inateleza baada ya kurushwa, kidole kikigusa tu isimame papo hapo.

Simu zenye kurudi nyuma kwa kutelezesha kidole kutoka pembeni, kuanzia Android 10, zitakusumbua. Shajara ni pana, mtu ataburuta kutoka ukingoni, apu itafunga akiwa katikati ya kumtafuta bibi yake. Mfumo unakuruhusu kuomba ukingo uachwe huru lakini kwa dp 200 tu (dp ni kipimo cha Android cha vioo) za urefu kwa kila upande, haitoshi kioo kizima. Mie naona bora kurudi nyuma kwa mara ya kwanza kurudishe shajara kwenye mwonekano mzima, mara ya pili ndo apu ifungwe.

Akigeuza simu kulalia, Android kwa kawaida inaiua ile activity, yaani ukurasa wa apu, na kuianzisha upya. Usihifadhi x na y za kioo, maana kioo kimebadilika. Hifadhi nukta ya picha ilokuwa katikati ya kioo pamoja na ukuzaji, ukirudi uipange upya kutoka hapo. Vyenginevyo mtu alikuwa kwa Khamis, kageuza simu, kajikuta kwa Mbarouk.

Lakini nataka nikwambie kitu ambacho hukuuliza. Memori utaimaliza, hiyo ni hesabu tu. Kitakachowashinda watu wenu ni kupotea. Shajara ya mita moja ukiitizama ukutani jicho linaona yote, unajua uko tawi gani. Kwenye kioo cha inchi sita na nusu, kwa ukuzaji unaosomeka, unaona kipande cha sentimita 6 kwa 13 na ushei cha ile karatasi. Herufi ya milimita 4 kwa dpi 300 ni pikseli 47, kwenye kioo cha mama cha dpi kama 270 inatoka milimita 4 na kidogo, inasomeka vizuri. Ukirudi nyuma uone shajara nzima herufi hiyo inakuwa chini ya theluthi moja ya milimita, mavumbi. Kwa hiyo anayesoma haoni matawi, na anayeona matawi hasomi, na majina yenyewe ndo hayo hayo, Juma bin Khamis bin Juma, wako saba.

Kwa hiyo tenga muda mwingi hapa kuliko kwenye vigae. Kaa na mzee, andika jedwali: jina, jina la baba, la babu, na x na y yake kwenye picha kubwa kwa pikseli za picha. SQLite, hazina ndogo ya data ndani ya simu, inatosha kabisa. Mtu anaandika jina kwa herufi za kawaida, anapata orodha yenye majina matatu matatu ili awatofautishe hao kina Juma, anagusa, shajara inamsogeza mpaka hapo. Isimrushe ghafla, imsogeze taratibu: itoke nyuma kidogo, ipite, ikaribie, ili ajue kaelekea upande gani. Jedwali hilo hilo linakupa kazi ya pili, akigusa jina kwenye picha unageuza mguso kuwa pikseli za picha, toa kwenye mguso ile x ya mahali picha inapoanzia kwenye kioo kisha gawa kwa ukuzaji, unajua kamgusa nani. Na tahajia usiibane, Mbarouk na Mbaruku, Khamis na Hamis, wote wapatikane.

Weka na picha ndogo ya shajara nzima pembeni yenye kimraba kinachoonesha uko wapi, ile ngazi ya chini ishakuwa kwenye memori kwa hiyo haikugharimu kitu. Ionekane anapoburuta, ififie akitulia, isizibe majina. Kugusa mara mbili kupeleke moja kwa moja kwenye ukuzaji unaosomeka, usimpitishe ngazi kwa ngazi. Mwisho wa ukuzaji uweke mara 2 ya picha kamili, mara 10 haina faida, ila 2 wazee wataishukuru. Na kwa kuwa imeandikwa kwa Kiarabu, inapofunguka mara ya kwanza isianzie kona ya juu kushoto kama programu zote zinavyofanya, ianzie pale jina la babu mkubwa lilipo, na kama haliko katikati basi kulia.

Jengine la pembeni, shajara ina majina ya watu walio hai, na ya kina mama na watoto. Kabla hujaipandisha pahala popote pa wazi waulize wakubwa wa ukoo, wengine watataka waliofariki tu waonekane kwa kila mtu. Ukishajenga lile jedwali kufunika tawi ni kazi ndogo, unachora kisanduku juu ya x na y zake.

Kujaribu usijaribu kwa simu yako, simu yako ina RAM nyingi itakudanganya. Chomeka ya mama kwenye kompyuta, andika adb shell dumpsys meminfo na jina la package ya apu, buruta shajara huku na huku kwa nguvu, angalia namba ya Native Heap na ya Graphics. Zikipanda zikatulia mahali uko salama. Zikipanda tu bila ya kutulia kuna vigae huviachii.

Na wajomba zako wa Muscat wenye iPhone: upande huo Apple wameshatengeneza kitu cha kazi hii hii, CATiledLayer, unaiweka ndani ya UIScrollView na kuburuta na kukuza unapata bure. Inakuomba kigae kimoja kimoja kutoka thredi za nyuma kwa hiyo kuwa mwangalifu usiguse vitu vya kioo humo ndani. Vigae vyako vya libvips vitatumika vile vile, WebP inafunguka kuanzia iOS 14. Kitakachokukera ni kwamba kila kigae kinajitokeza kwa kufifia kwa robo sekunde, kwa maandishi inaonekana kama shajara inakonyeza macho, andika subclass yenye fadeDuration ya sifuri itaacha.